Germanos wa Wapi?

Waheshimiwa, na hasa ninyi wafasiri wenzangu,

Jambo hili nimelisema mara nyingi, na leo nalirudia kwa sababu kosa lenyewe halijakoma: jina la Kigiriki Germanos halifasiriwi "Mjerumani". Hivi karibuni nilipewa kuhariri rasimu ya historia ya Ugiriki, na katika ukurasa wa mapinduzi ya 1821, Wagiriki walipoasi utawala wa Waturuki, nikakuta imeandikwa kwamba "Mjerumani wa Patras ya Kale aliibariki bendera ya wapiganaji". Nikaweka kalamu chini. Msomaji wa Songea, ambaye habari za Mjerumani amezirithi kutoka kwa mababu waliopigana Maji Maji, ataelewa nini hapo, isipokuwa kwamba Wajerumani walikwenda kuwakomboa Wagiriki?

Mtu huyo alikuwa Mgiriki, aliyezaliwa Dimitsana, Peloponnese, mwaka 1771, akafariki Nafplio mwaka 1826. Alibatizwa Georgios. Germanos ni jina la utawa, na watawa wa Kiorthodoksi mara nyingi hupewa jina jipya linaloanza kwa herufi ya lile la zamani. Alipopata uaskofu, jina la jimbo likashika nafasi ya jina la ukoo, akawa Germanos wa Patras ya Kale. Simulizi kwamba aliinua bendera katika monasteri ya Agia Lavra tarehe 25 Machi haimo katika kumbukumbu alizoandika mwenyewe, na wanahistoria wengi wanaitilia shaka. Hata hivyo Ugiriki huadhimisha sikukuu ya taifa siku hiyo, kwa hiyo jina lake halikwepeki kwa yeyote anayeiandika nchi ile.

Najua yupo atakayenijibu kwamba Wagiriki wenyewe humwita Mjerumani Germanos, kwa herufi zilezile na mkazo uleule. Ni kweli, lakini kufanana huko ndiko kunakomtaka mfasiri asimame afikiri. Katika Kilatini, germanus ni ndugu wa toka nitoke, wa baba mmoja na mama mmoja, na Germanus lilikuwa jina la watu karne nyingi kabla haijakuwapo dola iitwayo Ujerumani. Hapa Tanzania tunao akina Germanus na Germano waliobatizwa makanisani mwetu, na hatujawahi kumfasiri hata mmoja wao.

Swali la kwanza, basi, liwe: Germanos wa wapi? Wa Konstantinopoli ni patriaki aliyekataa amri ya Kaisari Leo wa Tatu dhidi ya picha takatifu, akaachia kiti mwaka 730. Wa Kastoria ni Karavangelis, askofu wa huko kuanzia 1900 hadi 1907. Wa Thyateira ni Strenopoulos, aliyeongoza Waorthodoksi wa Kigiriki akiwa London, 1922 hadi 1951. Ukiliacha jimbo, umewachanganya wote watatu.

Kuhusu vijiji nitataja kimoja tu, Agios Germanos, karibu na maziwa ya Prespa, kaskazini mwa Ugiriki. Agios maana yake mtakatifu, na mtakatifu huyo ni yule patriaki wa Konstantinopoli. Katika kanisa la kijiji hicho, mwishoni mwa karne ya 19, lilipatikana jiwe ambalo Samuil, mtawala wa Bulgaria, aliliweka mwaka 993 kuwakumbuka baba yake, mama yake na ndugu yake. Anayekiita "kijiji cha Mjerumani" amempokonya mtakatifu kanisa lake.

Muda umenibana, kwa hiyo biashara naigusa tu. Maduka ya Germanos, yaliyoanza mwaka 1980 kwa kuuza betri, yalichukua jina la ukoo la mwanzilishi wake, Panos Germanos. Mwaka 2006 yalinunuliwa na kampuni ya simu ya Cosmote, nayo wakati huo ilikuwa ya Kigiriki.