Waifai ya lupango: nani anatumia anwani yako?

CLARISSE: Karibuni, ndugu wa Lubumbashi na wa kwingine. Leo tuko ndani ya lupango, yaani kiwanja chenye wapangaji wengi. Mwenye waifai anauza kode za saa moja, mpangaji analipa franka zake, na nusu saa haijaisha koneksio imekatika. Yaya Didier, ni mtandao mbovu tu?

DIDIER: Mara nyingi ndiyo. Lakini kuna kisa kingine, na hicho kinaniuma. Kila simu ina anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 inayoitambulisha kwenye mtandao, na anwani hiyo inapita hewani wazi, hata pale ujumbe wenyewe umefichwa. Ruta nyingi za kuuza kode zinamtambua aliyelipa kwa anwani hiyo. Jirani mwenye programu ya kunasa pakiti, vile vipande vya ujumbe vinavyopita hewani, anaisoma, anaiweka kwenye kompyuta yake, basi ruta inamhesabu kuwa ni wewe.

CLARISSE: Anakula saa zangu!

DIDIER: Na akifanya ubaya mtandaoni, rekodi za ruta zinaandika anwani yako. Anaweza pia kujifanya ruta na kuiamuru simu yako ikatike. Kinga dhidi ya amri hizo za uongo ilikuja na kiwango cha waifai cha 802.11w mwaka 2009, na WPA3, mfumo wa usalama wa waifai wa 2018, ikaifanya ya lazima. Ruta za zamani nyingi hazinayo.

CLARISSE: Sasa mtu aliyechukua jina langu zima, tutamjuaje?

DIDIER: Kwa mahali anapozungumzia. Usiku wa giza mtu anaitika kwa jina lako kule langoni, na wewe unaitika kutoka jikoni: wote wanajua mko wawili. Yingying Chen, Wade Trappe na Richard Martin wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walieleza mwaka 2007 jinsi ya kulifanya hilo kwa mawimbi. Unatega vipokezi kadhaa, kila kimoja kinapima nguvu ya pakiti inayokifikia. Vipimo vya anwani moja unavigawa makundi mawili. Simu ikiwa moja na imetulia, vitovu vya makundi, yaani wastani wa kila kundi, vinakaribiana. Vikiachana mbali, kuna wawili.

CLARISSE: Mjanja akipunguza nguvu ya antena yake?

DIDIER: Inapungua kwa vipokezi vyote sawasawa. Tofauti kati ya kipokezi cha langoni na cha nyuma ya nyumba inabaki ileile, nayo ndiyo inayomfichua. Kwa kipokezi kimoja tu ungekwama.

CLARISSE: Na chumba chake tunakipataje?

DIDIER: Hapa nawaomba msikilize vizuri. Ukichanganya vipimo vyote vya anwani hiyo ukatafuta mahali, utapata sehemu iliyo katikati yenu, ambako hakuna mtu. Lazima kwanza utenganishe makundi, kisha kila kitovu ukilinganishe na ramani ya nguvu za mawimbi uliyopima mapema, mahali kwa mahali. Ramani hiyo inapimwa palepale: tofali linameza mawimbi, bati linayarudisha.

CLARISSE: Nikitembea na simu mkononi?

DIDIER: Vipimo vyako vinatawanyika, na mfumo unaweza kupiga kelele bure. Njia hii inafaa zaidi kwa vifaa visivyohama. Na mwizi akikaa ukuta kwa ukuta na wewe, makundi yanaingiliana.

CLARISSE: Kwa hiyo mwenye lupango asiende kugonga mlango wa mtu?

DIDIER: Hata kidogo! Kosa la mita chache ni la kawaida, na vyumba vyetu vimebanana. Mita tatu pembeni, umemtia aibu mama wa watu asiye na hatia. Kipimo kinaonyesha upande, hakimtaji mtu. Mimi ningefanya hivi: alama ya kuwa mko wawili ikitokea, anwani ile isimamishwe, aliyelipa aingize upya kode yake, na saa zilizoliwa arudishiwe. Halafu kila mpangaji apewe jina na nywila yake mwenyewe kwenye WPA2 au WPA3, ili kunakili anwani kusimfikishe mtu popote.