Mafuta ya breki nayo yanakunywa maji

Haya jamani sogeeni huku kivulini, wa nyuma mnasikia? Sawa. Mtu anakwambia fundi mi oili ya injini namwaga kila kilometa elfu 5, ukimuuliza mafuta ya breki je, anakuangalia tu. Yako humo tangu gari ishuke bandarini.

Sasa haya mafuta yananyonya unyevu wa hewani, taratibu, hata mfuniko ukiwa umefungwa. DOT 3 mpya, hiyo ni aina ya mafuta ya breki, haichemki mpaka ifike nyuzi 205 hivi, ikishakunywa maji asilimia 3.7 tu inachemkia 140. We shuka mlima Kitonga na mzigo, mguu uko kwenye breki muda wote, kule kwenye kalipa, ile inayobana pedi za breki, panawaka, maji yanageuka mvuke, na mvuke ukiubana unabonyea tu hausukumi kitu. Pedeli inazama mpaka kwenye kapeti. Yalinikuta hayo, nikaokolewa na gia namba 2 na handibreki, nikapaki pembeni natetemeka, na kilichoniudhi ni kwamba ilipopoa pedeli ikarudi ngumu kama kawaida, fundi akakagua akasema gari haina tatizo!

Kazi yenyewe ya kubadilisha mafuta ni ya watu wawili. Nyonya yale meusi kwenye kikopo cha mafuta ya breki kwa sirinji, jaza mapya ya chupa iliyofunguliwa leo leo, na kwenye mfuniko wa kikopo wameandika DOT ngapi, DOT 5 usiguse, ile silikoni haipatani na hizi. Anza tairi la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, kwa usukani wa kulia mara nyingi ni nyuma kushoto, ila gari zingine zina mpangilio wake, cheki kitabu. Vika nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo, mpira wa dripu, ncha ya pili izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzio anakanyaga, anashikilia, we unalegeza nipo robo mzunguko, vipovu vinatoka, unakaza, NDO unamwambia achia. Akiachia mapema upepo unarudi ndani mnaanza upya, na hapo nimeona mke na mume wakinuniana mpaka jioni.

Chini ya pedeli weka kibao, kwenye gari kuukuu ukizamisha mpaka mwisho raba za masta zinapita kwenye kutu zinachanika. Kikopo kisikauke. Yakidondokea bodi mwagia maji fasta, yanababua rangi.

Ile Vitz ishapanda stendi, nani anakuja kukanyaga?