Huru, Lakini Uhame: Sheria ya Virginia ya Mwaka 1806

Ndugu zangu mnaonitazama huko nyumbani, assalamu alaikum. Leo nimesimama mbele ya Bunge la jimbo la Virginia, Marekani, mjini Richmond, jengo jeupe la nguzo ndefu ambalo Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alishiriki kulichora, na nataka niwasimulie habari za watu walioachwa huru kisha wakaamriwa kuhama kwao.

Kuanzia mwaka 1782, bwana aliweza kumwacha huru mtumwa wake kwa hati au kwa wosia. Weusi walio huru wakaongezeka, na njama ya uasi ya mtumwa aitwaye Gabriel ilipogunduliwa hapa Richmond mwaka 1800, wenye watumwa wakaingiwa na hofu. Ndipo mwaka 1806 ikapitishwa sheria kwamba yeyote atakayeachwa huru baada ya tarehe 1 Mei awe ameondoka Virginia ndani ya miezi 12, la sivyo akamatwe na kuuzwa upya.

Mtu ataondokaje, na mkewe na watoto bado ni mali ya bwana mwingine? Waliotaka kubaki waliandikisha maombi wakayaleta Bungeni, wakiwasihi majirani weupe watie saini kushuhudia kwamba ni watu wema na wachapakazi. Jefferson naye, katika wosia wake wa mwaka 1826, aliliomba Bunge liwaruhusu watu watano aliowaacha huru wabaki penye jamaa zao. Mmoja wao alikuwa Joseph Fossett, mhunzi. Lakini mkewe Edith na watoto wao walinadiwa Monticello, shambani kwa Jefferson, mwaka uliofuata. Hapo mimi nashindwa kabisa kumsifu Jefferson.

Ombi linaloniuma kuliko yote ni la Lucinda, wa kaunti ya King George, la mwaka 1813. Aliachwa huru kwa wosia wa Mary Matthews, na wenzake wote wakapelekwa jimbo la Tennessee. Yeye akakataa kwenda, kwa kuwa mumewe alikuwa mtumwa wa William Hooe. Miezi 12 ikapita, na sasa angeweza kunadiwa kwa mtu yeyote. Basi Lucinda akaliandikia Bunge kwamba uhuru anaupenda, lakini hautoshi kumtenganisha na mumewe, na kwa hiyo anaomba awe mtumwa wa Hooe.