Wanafunzi 300, Shule Mbili: Takwimu kwa Mtafiti wa Elimu Anayeanza

Asante sana Mwenyekiti, na asanteni nyote mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja kusikiliza takwimu. Najua baadhi yenu mmeletwa hapa na msimamizi aliyeandika pembeni mwa sura ya tatu, kwa wino mwekundu, "Sampuli hii umeipataje?" Karibuni, mko wengi.

Basi tuanze na hiyo sura ya tatu ya tasnifu, ile ya mbinu za utafiti. Fungua tasnifu za elimu za hapa kwetu, kumi hivi, uone ni ngapi zitakosa jina la mwanatakwimu Yamane. Fomula yake ya mwaka 1967 ya kupata ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya watu utakaowapima, mnaijua kwa moyo: idadi ya watu wote, gawanya kwa moja kujumlisha idadi hiyo mara kiwango cha kosa kipeo cha pili. Wanafunzi wa kidato cha tatu 1,200, kosa asilimia 5: unagawanya 1,200 kwa 4, unapata 300. Asiyempenda Yamane anakimbilia jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970, anasoma 291. Halafu mtafiti anafanya nini? Anakwenda shule mbili zilizo karibu na stendi, anachukua wanafunzi 150 hapa, 150 pale, anarudi na furaha. Mia tatu zimetimia.

Fomula yenyewe haina tatizo. Lakini ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekadiria asilimia, tuseme asilimia ya wanafunzi wenye kitabu cha Hisabati, tena anayewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu kutoka orodha nzima ya wale 1,200. Haijui kuna shule. Haijui kuna mkondo A na mkondo B. Wewe umechagua shule mbili, wanafunzi wakafuata. Hayo ni mambo mawili tofauti, na leo nataka tukae hapo hapo, maana mengine yote ya takwimu mtayasoma vitabuni bila mimi.

Wanafunzi wa darasa moja wanafanana. Wana mwalimu mmoja, ratiba moja, maabara moja au wote hawana. Mwalimu wa Fizikia akihamishwa mwezi wa tatu, pengo linawapata wote arobaini kwa pamoja. Kwa hiyo ukishampima mwanafunzi wa kwanza na wa pili wa darasa hilo, wa arobaini anakuongezea kidogo sana. Ni kama habari ya mtaani: ukiisikia kwa watu arobaini ambao wote wameitoa kwa mtu mmoja, umeisikia mara moja.

Kufanana huku kuna kipimo chake, tukiite uwiano wa ndani ya kundi. Chukua tofauti zote za alama kati ya wanafunzi, uliza: sehemu gani ya tofauti hizo ni tofauti ya shule na shule? Ikiwa 0, shule zote ni sawa, na mwanafunzi wa shule moja hana tofauti na wa nyingine kwa sababu ya shule. Ikiwa 1, ukijua shule umeshajua alama. Marekani, kwa alama za mitihani, kipimo hiki mara nyingi huwa karibu na 0.2. Katika tathmini za SACMEQ, ule ushirikiano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika ambao Tanzania Bara, Zanzibar, Kenya na Uganda zimo, Afrika Kusini ilivuka 0.5 kwenye kusoma. Zaidi ya nusu ya tofauti za watoto ilikuwa ni tofauti ya shule wanazosoma. Anayeijua historia ya shule za nchi ile hatashangaa.

Sasa chukueni kalamu. Zidisha kipimo hicho kwa idadi ya wanafunzi wa kila shule ukitoa mmoja, kisha jumlisha moja. Jibu lake ndilo utakalogawia sampuli yako. Tuseme una wanafunzi 320 na kipimo ni 0.2. Ukiwatoa katika shule 8, arobaini kila shule: 39 mara 0.2 ni 7.8, jumlisha moja, 8.8. Gawanya 320 kwa 8.8. Nani amepata? Thelathini na sita, naam. Una watu 320 kwenye karatasi, lakini taarifa ulizobeba ni za watu 36. Watoe hao hao 320 katika shule 16, ishirini kila shule, unapata 67. Katika shule 32, kumi kila shule, unapata 114. Madodoso ni yale yale, gharama ya kudurufu ni ile ile. Kilichoongezeka ni nauli.

Na hapo ndipo ugomvi ulipo, si kwenye hesabu. Nauli ni pesa, na kibali cha kuingia shuleni ni barua ya mkoa, ya wilaya, na ya mkuu wa shule ambaye yupo kwenye kikao. Nawaelewa. Lakini SACMEQ hawakusema "tunataka wanafunzi 400". Walipanga sampuli ambayo, baada ya kukatwa kwa sababu ya kufanana huku, ingebaki na nguvu ya wanafunzi 400 waliochaguliwa mmoja mmoja. Ndiyo maana tathmini yao ya pili ilipima watoto zaidi ya 40,000 katika mifumo 14 ya elimu, huku kila shule ikitoa watoto wachache tu.

Tuje kwenye programu za kuchambua takwimu. Wengi wenu mna SPSS, na sitauliza mmeipata wapi. (Kicheko.) Ilianza mwaka 1968 Stanford, kazi ya Norman Nie, Hadlai Hull na Dale Bent, na tangu mwaka 2009 ni mali ya IBM. Leseni yake ni ghali kwa mwanafunzi wa kwetu, na ile ya kwenye flashi ya rafiki hufika na virusi vyake. Hamna haja. Kuna PSPP, ya bure, inafanana na SPSS kwa sura na inafungua mafaili yake. Kuna jamovi na JASP, za bure pia, na kwa anayeanza ndizo ningempa. Nyuma ya hizo mbili inafanya kazi R, lugha iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland miaka ya 1990. R ni ya bure, inaweza karibu kila kitu, na itakutesa wiki mbili za mwanzo.

Ila zote hizo hazina macho. Tazameni mfano huu, nitauandika ubaoni. Shule A wamefundishwa kwa vikundi, Shule B kwa njia ya kawaida. Wanafunzi 60 kila upande. A wana wastani wa 54, B 48, na mkengeuko sanifu ni 12 pande zote, yaani hicho ndicho kiasi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani. Unaagiza jaribio la t, lile la kulinganisha wastani wa makundi mawili. Programu inakupa t ya 2.74, na kwenye ile safu ya Sig. mnayoikimbilia wote kabla ya kusoma kitu kingine, 0.007. Unaandika sura ya tano: mbinu ya vikundi ina ufanisi mkubwa.

Kwanza hiyo 0.007, ambayo vitabuni huitwa p, inasema nini? Inasema hivi: kama kusingekuwa na tofauti yoyote halisi, na kama wale wanafunzi 120 kila mmoja angesimama kivyake, basi bahati tupu ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi mara 7 katika 1,000. Haisemi kwamba uwezekano wa mbinu kushindwa ni 0.007. Wala haisemi athari ni kubwa. Ukubwa unaupata kwa kugawanya tofauti 6 kwa mkengeuko 12, nusu mkengeuko, na katika elimu nusu mkengeuko ni kitu kikubwa mno cha kutiliwa shaka.

Pili, lile sharti la "kila mmoja kivyake". Jaribio la t lilitoka kwa William Gosset, mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness, mwaka 1908, akiandika kwa jina la Student kwa sababu mwajiri wake hakutaka siri zitoke. Alihangaika na sampuli ndogo, lakini za vipimo visivyotegemeana. Wewe umeleta shule moja dhidi ya shule moja. A ina mbinu ya vikundi, lakini pia ina mkuu wake wa shule, chakula chake cha mchana, wazazi wake. Hakuna kitufe duniani kitakachotenganisha mbinu na hayo mengine. Programu ingekwambia 0.007 hata kama Shule A ingekuwa ya vipaji maalumu.

Msidhani ni ugonjwa wa wanafunzi wa uzamili. Mwaka 1976 kule Uingereza, Neville Bennett alitoa utafiti kuhusu mitindo ya kufundisha shule za msingi. Walimu 37. Matokeo: watoto wanaofundishwa kwa mtindo rasmi, wa kukaa kwenye mistari na kumsikiliza mwalimu, wanasonga mbele zaidi. Magazeti yalilipuka, wanasiasa wakadaka. Lakini hesabu zilimchukulia kila mtoto kana kwamba hana darasa. Mwaka 1981 mwanatakwimu Murray Aitkin na wenzake walirudia kazi ile kwa njia inayotambua kwamba watoto wako chini ya walimu, na tofauti zile zilikosa nguvu ya kitakwimu. Ninachompendea Bennett ni kwamba alikuwa mmoja wa walioandika uchambuzi huo mpya.

Na kuna kazi iliyofanyika vizuri hapa hapa Tanzania, KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza, 2013 na 2014. Shule 350 katika wilaya 10, zikagawanywa kwa bahati nasibu: 70 zikapata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, 70 walimu wakaahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, 70 zikapata vyote viwili, 140 hazikupata kitu. Angalieni kilichopigiwa kura: shule, si mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionesha ruzuku peke yake haikuinua alama. Bonasi peke yake ilileta picha ya kuchanganya. Vyote kwa pamoja viliinua alama kwa zaidi ya 0.2 ya mkengeuko sanifu. Mtu akija na 0.5 yake ya shule mbili, mlinganishie na hiyo 0.2.

Sasa ufanyeje kwenye kompyuta? Kila mstari wa jedwali lako uwe mwanafunzi mmoja, na lazima kuwe na safu ya namba ya shule na safu ya mkondo. Nasema lazima, kwa sababu nimewaona watu wakirundika madodoso yote kwenye boksi moja, na baada ya hapo hakuna wa kuyatenganisha. Kwenye R, ukiwa na kifurushi cha lme4, mstari wenyewe ni huu:

lmer(alama ~ mbinu + (1 | shule))

Hicho kipande cha mwisho kinaiambia R kwamba watoto wanaishi ndani ya shule. JASP inakupa hesabu hiyo hiyo kwa kubofya tu. Na kama shule zako ni chache, nane hivi, kuna njia ya wenye mfuko mdogo isiyo na aibu yoyote: tafuta wastani wa kila shule, ulinganishe wastani nne na wastani nne. Excel inatosha.

Jingine dogo, kabla ya maswali. Wengi mnaandika 99 kwa mwanafunzi asiyekuwepo. Sawa, lakini iambieni programu kwamba 99 si alama. Mtihani wa alama 50, wanafunzi 55 wenye wastani wa 25, watoro watano wamejazwa 99: wastani unaruka hadi 31. Watoro hao wakiwa wote wa shule moja, umeshavumbua mbinu mpya ya ufundishaji. (Kicheko.) Kabla ya jaribio lolote, tazama alama ya juu na ya chini ya kila safu.

Ndiyo, dada wa nyuma. Anasema ameshakusanya: shule mbili, wanafunzi 300, na Septemba anawasilisha. Afanyeje?

Usitupe, dada yangu. Badilisha swali. Uliza kitu kinachotofautiana ndani ya shule: mahudhurio na alama, umbali wa nyumbani, wasichana na wavulana. Kichambue shule moja peke yake, kisha ya pili peke yake, uweke majibu mawili sambamba. Kama msimamizi hataki uache lile swali la mbinu, liandike kama uchunguzi kifani, rudi ukae madarasani na uzungumze na walimu, na usitamke p hata mara moja kwenye kulinganisha shule hizo mbili. Na kama una nauli iliyobaki na shule hazijafunga, usiongeze watoto kwenye zile zile. Tafuta shule sita nyingine, watoto kumi na tano kila moja, tatu zinazotumia vikundi na tatu za kawaida. Sura ya tatu ianze na idadi ya shule, ndipo idadi ya wanafunzi ifuate, na hapo ilipokuwa fomula ya Yamane weka ile hesabu ya ubaoni pamoja na kipimo ulichokitumia na sababu ya kukichagua.