Nimemsamehe, Ila Fomu Sijaijaza

ZUHURA: Haya, karibuni tena. Sauti yangu leo mtaivumilia, wiki hii sikulala vizuri. Hamisi yupo.

HAMISI: Nipo, dada. Na uanze wewe, maana tangu juzi nikikuuliza una nini unaniambia tutaongea tukiwa kwenye maiki.

ZUHURA: Mnamkumbuka yule bwana wa barua ya daktari?

HAMISI: Usiniambie.

ZUHURA: Yule yule. Sirudii yote, siku ile nililia hapa hapa ikatosha. Miaka ile tukifanya kazi pamoja nilimwonyesha barua, nikamwomba ibaki kati yetu, na wiki haijaisha mkuu wetu wa kazi anajua mpaka jina la dawa ninayomeza. Nikatolewa kwenye mradi niliouanzisha kwa mikono yangu. Basi. Jumanne usiku simu inaita, namba siijui, napokea: "Dada Zuhura, shikamoo." Ni yeye. Ameomba kazi mahali, na kwenye maombi ameniandika mimi kuwa mdhamini wake.

HAMISI: Kabla ya kukuuliza?

ZUHURA: Kabla ya kuniuliza. Asubuhi yake fomu ikaingia kwenye barua pepe. Je, mwombaji anafika kazini kwa wakati? Ndiyo, alikuwa anafika. Anashirikiana na wenzake? Hapo ningeweza kupapasa. Swali la nne: je, unaweza kumkabidhi mwombaji taarifa za siri? Visanduku viwili, ndiyo na hapana, na chini yake mistari mitatu ya maelezo.

HAMISI: Subhanallah.

ZUHURA: Nimeitazama ile mistari mitatu mpaka macho yanauma.

HAMISI: Na kwenye simu, lile la zamani aliligusia?

ZUHURA: Hata kidogo. Kauliza habari za mama, kauliza watoto, akasema "wewe ndiye unayenijua vizuri". Hilo ndilo lililonichoma. Ni kweli namjua vizuri.

HAMISI: Umejaza?

ZUHURA: Bado. Mwisho ni Ijumaa.

HAMISI: Usijaze. Mwandikie kwa adabu, mwambie sitaweza, tafuta mtu mwingine. Mkono wako uwe safi.

ZUHURA: Kwa nini mkono wangu uchafuke kwa kusema kweli? Nimeulizwa swali, nina jibu.

HAMISI: Kwa sababu kweli hiyo imekaa ndani yako muda wote huo, na leo ndiyo siku ya kwanza ambayo ukiitoa inamuumiza. Ungeandika kwa moyo gani? Utaweka alama kwenye "hapana" ukiwa umetulia, au meno yameumana?

ZUHURA: Nimemsamehe, Hamisi. Simwombei baya. Tukikutana njiani nitamwamkia. Ila siri simpi tena, na wakiniuliza nitasema simpi. Hayo ni mambo mawili tofauti.

HAMISI: Mimi nayaona moja. Ukisamehe, deni umelifuta. Huwezi kulifuta halafu ukalipeleka kwa mtu wa tatu akalidai kwa niaba yako.

ZUHURA: Aa, hapana. Sijapeleka. Wamekuja wenyewe kuuliza.

HAMISI: Sawa, kabla hatujaenda mbali, naomba nilete lile shindano. Dakika mbili tu, kisha tunaingia kwenye mafunzo yetu matano.

ZUHURA: Lete.

HAMISI: Kulikuwa na profesa wa siasa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, Robert Axelrod. Karibu na mwaka 1980 aliwaomba wataalamu wamtumie programu za kompyuta zicheze mchezo mmoja, mbili mbili. Kila raundi una njia mbili: ushirikiane na mwenzako au umsaliti. Mkishirikiana wote, kila mmoja anapata pointi 3. Mkisalitiana wote, kila mmoja pointi 1. Mmoja akisaliti na mwingine akashirikiana, msaliti anachukua 5, aliyemwamini anabaki na sifuri.

ZUHURA: Sifuri ndiyo mimi.

HAMISI: Ngoja. Raundi 200 kwa kila pambano. Zikaja programu 14, na ya kumi na tano ilikuwa inacheza kwa bahati nasibu. Nyingine zilikuwa na hila nyingi, zinampima mwenzake, zinamvizia. Aliyeshinda ni ile fupi kuliko zote, aliituma Anatol Rapoport. Inaanza kwa kushirikiana, kisha kila raundi inafanya kile alichofanya mwenzake raundi iliyopita. Basi. Ukiisaliti, inakusaliti. Ukirudi kwenye wema, inarudi papo hapo, haina kinyongo.

ZUHURA: Kwa hiyo inalipiza.

HAMISI: Inalipiza mara moja na kusahau.

ZUHURA: Mdogo wangu, sasa unanitetea mimi! Yeye alisaliti, mimi sijacheza bado. Raundi yangu imefika. Iko kwenye barua pepe.

HAMISI: Hapana, hapana. Ile inajibu raundi inayofuata. Haingoji miaka ikapita, mtu amehama, amebadilika, ndiyo imrukie akiwa na shida. Raundi inayofuata kwako ilikuwa wiki ile ile. Ungemfuata ukamwambia, "Umeniuza."

ZUHURA: Nilimfuata. Hakupokea simu. Raundi inayofuata ni siku tunayokutana tena, iwe kesho, iwe baada ya miaka kumi. Yeye ndiye aliyekaa mbali na meza, kisha karudi na kuketi kama vile hatujawahi kucheza.

HAMISI: Lakini karudi ameshirikiana! Kakuamkia, kakuuliza habari za mama.

ZUHURA: Kuuliza habari za mama ni raundi? Kaja kuomba. Anayeomba hajashirikiana, ananitaka mimi nishirikiane. Anataka zile 5 mara ya pili.

HAMISI: Mh. Hiyo... ngoja niifikirie hiyo.

ZUHURA: Ifikirie. Na niambie, hao waliotuma programu hawakukasirika? Kushindwa na kitu kifupi namna hiyo?

HAMISI: Axelrod aliwaambia wote matokeo, kisha akaitisha shindano la pili. Sasa zikaja programu 62, kutoka nchi sita, na kila mtu anajua nani alishinda na kwa njia gani. Wamejiandaa kuiangusha. Ikashinda tena.

ZUHURA: Ile ile?

HAMISI: Ile ile, haikuguswa. Na hapa ndipo ninapopenda mimi. Kwenye pambano la wawili haiwezi kumpita mwenzake hata siku moja. Haiwezi, kwa jinsi ilivyoundwa, kwa sababu haianzi kusaliti. Inatoka sare au inazidiwa kidogo. Kila mpinzani anaondoka akiwa sawa nayo au mbele yake, na bado ukijumlisha pointi zote inaongoza.

ZUHURA: Hilo ni zuri. Kwa kweli hilo ni zuri sana. Yaani zile nyingine zilikuwa zinashinda mapambano...

HAMISI: Na kupoteza shindano. Zinakamuana mpaka hakuna kinachobaki.

ZUHURA: Sawa. Lakini ukikutanisha mbili za aina hiyo, na moja ikakosea? Ikabonyeza vibaya tu?

HAMISI: Ndiyo kasoro yake hiyo. Ukitokea mkorogo mmoja, hii inasaliti kwa bahati mbaya, ile inalipa, hii inalipa malipo, inakwenda hivyo mpaka mwisho. Wote wawili wanaamini wanajibu, hakuna anayeamini kaanza. Mwaka 1992 Martin Nowak na Karl Sigmund walionyesha kwamba kukiwa na makosa ya namna hiyo, inayofanya vizuri zaidi ni ile yenye ukarimu: wema inaulipa wema kila mara, lakini usaliti mara nyingine inauachilia tu. Kwa pointi zile zile nilizotaja, inaachilia takriban mara moja katika kila tatu.

ZUHURA: Mara moja katika tatu, na mwenzake hajui ni ipi.

HAMISI: Hajui. Akijua, atakaa anaingoja.

ZUHURA: Basi mimi nakubaliana na Nowak na mwenzake. Makosa yasamehewe. Mtu kapitiwa, kasema jambo mbele ya watu bila kukusudia, achilia. Lakini jina la dawa, Hamisi? Mtu hapitiwi akataja jina la dawa. Alilisoma, akalihifadhi, akalifikisha.

HAMISI: Labda mkuu alimbana.

ZUHURA: Labda. Angeniambia. Ningemsikiliza.

HAMISI: Mimi shindano silileti ili nihesabu nani kaanza. Nakutazama hapa, macho mekundu. Programu haikosi usingizi. Wewe unakosa. Kuna utafiti wa mwaka 2008, Kevin Carlsmith, Timothy Wilson na Daniel Gilbert. Waliwachezesha watu mchezo wa pesa, katikati akawepo mlaghai. Baadhi wakapewa nafasi ya kumwadhibu, wengine hawakupewa. Waliopewa waliamini wakiadhibu watapata nafuu. Kumbe wao ndio walioondoka wakiwa wameudhika zaidi, na wakaendelea kumfikiria yule mlaghai. Walionyimwa nafasi walikwenda zao, wakamsahau. Ukijaza ile fomu, bwana huyo atahamia kichwani mwako.

ZUHURA: Ameshahamia. Na wewe hukuutaja utafiti ule wa Zurich, Uswisi, wa 2004, uliopima ubongo wa watu wakati wanaamua kumwadhibu aliyewasaliti. Sehemu ya ubongo inayoamka mtu akitarajia kitu kizuri ndiyo iliyoamka.

HAMISI: Akitarajia. Sikatai kwamba kunatamanika. Nasema mbele ni kuchungu.

ZUHURA: Sawa, tuseme ni kuchungu. Lakini hao wa 2008 walikuwa wanalipiza ya kwao. Mimi nimeulizwa na watu ambao kesho wataleta barua zao za daktari kwenye meza ya huyu bwana. Pale kuna dada mwingine, simjui, ataonyesha karatasi yake akidhani ameongea na mtu. Mimi nanyamaza ili nionekane nimesamehe, yeye analipa. Msamaha wangu anaulipia nani?

HAMISI: Na nani kakuteua mlinzi wa huyo dada? Hujui kama bwana huyu ni yule yule. Wewe unamjua wa zamani. Mtu anaweza kukaa na aibu yake miaka, akajifunza kufunga mdomo kuliko wewe na mimi.

ZUHURA: Ningejuaje? Kwa kuambiwa. Sentensi moja: "Dada, lile nililokufanyia nalijua." Hakuisema.

HAMISI: Kuna watu hawawezi kuisema. Imewakaba.

ZUHURA: Basi wasiniandike mdhamini.

HAMISI: Dada, angalia Afrika Kusini. Mambo mazito mara elfu kuliko haya, na Tume ya Ukweli na Maridhiano, mwenyekiti wake Desmond Tutu, ilichagua kutolipiza.

ZUHURA: Ilichagua kwa sharti! Ukitaka msamaha wa kisheria unakuja, unaeleza yote, hufichi. Walioomba walikuwa 7,112, waliopewa ni 849. Hao wengine wengi mno walikataliwa. Na familia ya Steve Biko, mpinzani wa ubaguzi wa rangi aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, walikwenda Mahakama ya Katiba kupinga utaratibu wenyewe. Mwaka 1996 wakashindwa. Baadaye wale polisi walipoomba msamaha kwenye tume, 1999 wakanyimwa. Mimi siwezi kumwangalia mtu wa familia ile nikamwambia hakuwa na moyo wa kusamehe.

HAMISI: Siwezi pia. Lakini sharti lile lilikuwa la kueleza, halikuwa la kujuta. Sheria haikumlazimisha mtu kusema samahani. Aliweza kusimama pale akaeleza kila kitu kwa uso mkavu na akapewa. Wewe unadai zaidi ya walichodai wao.

ZUHURA: Nadai kidogo kuliko wao! Sijamtaka alie. Aeleze tu. Nijue nani aliuliza, nani alijibu, ilikuwa chumba gani.

HAMISI: Na asipoeleza kamwe?

ZUHURA: Asipoeleza, nimemsamehe na swali la nne ni "hapana".

HAMISI: Huo si msamaha. Samahani, dada, lakini kwangu huo si msamaha. Umemfungulia mlango wa mbele ukaweka mlinzi.

ZUHURA: Na huo wako kwangu si msamaha pia. Unaniomba nijifanye sijui ninachokijua.

HAMISI: Nakuomba unyamaze tu. Usijaze.

ZUHURA: Mdhamini asiyejibu amejibu. Kila aliyewahi kuajiri anajua.

HAMISI: Hapo sikubali.

ZUHURA: Na mimi sikubali.

(Kimya.)

HAMISI: Tunaonyeshwa vidole huku. Dakika tatu.

ZUHURA: Tatu? Na mafunzo matano?

HAMISI: Hatujagusa hata moja. Nimeyaandika hapa kwa kalamu nyekundu.

ZUHURA: Soma la kwanza.

HAMISI: "Tofautisha kusamehe na kupatana."

ZUHURA: Tumeshinda saa nzima hapo hapo na hatujatofautisha. La pili?

HAMISI: "Usifanye uamuzi ukiwa na hasira."

ZUHURA: Hasira hasara, wanajua. Ruka.

HAMISI: La tatu linamhusu mtu anayekukosea kila siku, si mara moja. Mke, mume, ndugu mnaokaa nyumba moja. Hili lilihitaji kipindi chake.

ZUHURA: Basi tulipe kipindi chake, tusilibane kwenye dakika mbili. La nne na la tano yaache, niliyaandika mimi nikiwa na usingizi. Wasikilizaji, kuna dada mmoja aliyetutumia sauti kuhusu kaka yake na shamba la baba yao, tuliahidi kuicheza leo. Tunakuomba radhi, wiki ijayo utaanza wewe.

HAMISI: Na nyinyi wengine tutumieni sauti, isizidi dakika moja. Swali ni moja: mtu aliyekusaliti akirudi baada ya miaka bila kutaja kosa lake, hiyo ni raundi mpya au ni ile ile ya zamani inaendelea?

ZUHURA: Ni ile ile.

HAMISI: Dada, waache wajibu wenyewe. Ni mpya.