IST ya Mkono wa Pili: Anza na Kinachogusa Barabara

Habari za jioni, vijana. Wengi wenu mna Toyota IST ya toleo la kwanza, familia ya NCP60, iliyotoka kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa hiyo nitazungumzia hiyo. Wenye Vitz na Platz za miaka hiyo msikae pembeni. Gari hizi ni ndugu wa tumbo moja, na mengi nitakayosema yanawahusu.

IST changa kuliko zote za toleo hilo ilitoka kiwandani mwaka 2007. Mpira wowote uliokuja nayo umeshakula jua, chumvi, mafuta na mashimo kwa miaka mingi. Kijana akipata laki zake chache, jambo la kwanza kumjia ni rimu. Mimi nawaomba pesa hiyo ianzie chini ya gari, kwa sababu rimu nzuri kwenye bushi zilizokufa (bushi ni ile mipira inayoshikilia vyuma vya chini ya gari) zitakula tairi jipya upande mmoja ndani ya miezi michache, na mtalipa mara mbili.

Inueni mbele kwa jeki, halafu wekeni stendi. Jeki ni ya kunyanyulia tu, mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, boli jointi (kiungo cha duara kinachoshika gurudumu) au beringi ya gurudumu imechoka. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo, shuku tai rodi, fimbo inayovuta gurudumu unapogeuza usukani. Kisha mulika bushi kubwa ya nyuma ya loa amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini), hiyo ndiyo hupasuka mapema. Ukisikia kokoko kwenye matuta madogo huku barabara laini iko kimya, angalia linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) kabla hujanunua shokapu. Shokapu yenyewe, ukungu mwepesi wa mafuta si kosa. Yakiwa yametiririka mpaka yamekusanya vumbi na kuwa tope, imekwisha. Badilisha zote mbili za mbele kwa pamoja, au zote mbili za nyuma, pamoja na vikombe vya mpira vya juu na vizuizi vyake.

Hapa kuna kosa linalofanyika gereji nyingi. Fundi anafunga loa amu mpya gari likiwa juu, miguu inaning'inia, anakaza bolti za bushi mpaka mwisho, ndipo anashusha. Bushi ile ya mpira hupinda, haizunguki. Ukiikaza ikiwa inaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umesokotwa muda wote, na baada ya muda mfupi unachanika. Mteja anasema spea ni feki, kumbe spea haina kosa. Bolti zishikwe kwa mkono tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, litikiswe kidogo, ndipo zikazwe. Simama hapo hapo uhakikishe imefanyika hivyo, kisha nenda alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu.

Breki sitakaa sana. Pima unene wa diski, kiwango cha mwisho kimegongwa kwenye diski yenyewe. Ikifika hapo usiichongeshe tena, nunua nyingine. Nyuma kuna ngoma: fungua, piga brashi vumbi, angalia kama silinda ndogo inavuja. Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama kikombe kimejaa, maana yanavuta unyevu wa hewa, na hewa yetu ya pwani inao mwingi. Maji yakiwa ndani, ukishuka mlima mrefu yanachemka, na pedali inakwenda chini bila kukamata.

Sasa rimu, kwa sababu najua ndizo mlizojia.

IST ina matundu manne kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo mnatafuta 4x100. Tundu la katikati la rimu yake ya kiwandani, linalokaa kwenye habu (kitovu cha gurudumu), ni milimita 54.1. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi ili ziingie magari mengi, na mkifunga bila pete za kujaza nafasi hiyo, usukani unaweza kutetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa. Utasawazisha matairi mara tatu na bado utatetemeka. Pete hizo za plastiki ni za bei ndogo, lakini zidaini siku ile ile unaponunua rimu. Nati nazo ziangalieni. Nati za rimu nyingi za Toyota zilizotoka kiwandani zina shingo na washa bapa, rimu za madukani zinataka nati yenye koni. Ukichanganya, nati inakaa kwenye ukingo tu na gurudumu linalegea njiani. Kaza kwa msalaba, kwa spana inayopima nguvu, takriban Nm (nyutoni-mita) 103. Baada ya kilomita 80 hadi 100, kaza tena.

Upana na ofseti (milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu) ndivyo vinavyoamua kama tairi litagusa. Fanyeni hesabu kabla ya kutoa pesa. Tuseme una rimu ya inchi 6 yenye ofseti 45, na unataka ya inchi 7 yenye ofseti 40. Upana umeongezeka inchi moja, nusu yake ni milimita 12.7 kila upande. Ofseti imepungua 5, yaani gurudumu limesogea nje milimita 5. Kwa hiyo ukingo wa nje unatoka milimita 17.7, na wa ndani unaingia 7.7. Chukua rula, pima nafasi kati ya tairi na ukingo wa fenda, pima na upande wa shokapu, geuza usukani mpaka mwisho upime tena. Muuzaji akisema "inaingia tu", mwonyeshe rula.

Tairi nalo lina hesabu yake. IST nyingi zinavaa 185/65R15. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva uhakikishe ya kwako. Tairi hilo lina kipenyo cha milimita 621 na ushee. Ukienda inchi 16, 195/55R16 inakupa karibu 621 hiyo hiyo: spidomita haidanganyi, gari halishuki. Watu wengi huuziwa 195/50R16 kwa kuwa inapatikana kirahisi. Hiyo ni milimita 601. Gari limeshuka sentimita moja kabla hujagusa springi, spidomita ikisoma 100 unakwenda kama 97, na ukuta wa tairi umekuwa mfupi, kwa hiyo shimo likija linapiga rimu. Kwa barabara zenye mashimo na matuta, ushauri wangu ni kubaki inchi 15 na kutafuta rimu nyepesi. Gari litaongozeka vizuri kuliko lenye inchi 17 nzito.

Mnaponunua matairi ya mtumba, someni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata (meno ya tairi) likiwa refu lakini mpira umepasuka nyufa ndogo ndogo ubavuni, liache hapo dukani.

Kushusha gari. Kukata springi kwa grainda kunaonekana hakugharimu kitu. Lakini springi ukiikata haiwi fupi tu, inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu ugumu wake unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi: kati ya mitano ukitoa mmoja, ugumu unapanda kwa robo nzima. Shokapu ya zamani haikutengenezwa kuizuia springi ya namna hiyo, gari linadunda. Baya zaidi, gurudumu likining'inia kwenye shimo springi inalegea, inaweza kuhama kitini mwake. Kuishusha kwa kuichoma moto ndiyo msiiguse kabisa. Joto linaua ugumu wa chuma, na springi itaendelea kukaa chini kila wiki mpaka siku ikatike. Kama ni lazima ushuke, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hilo, zisizozidi milimita 25 hadi 30, pamoja na shokapu mpya, na upime alaimenti siku hiyo hiyo. Kumbuka matuta ya mtaani kwenu na abiria watatu nyuma. Kazi ya kubana springi kwa vibanio mwachieni mwenye vibanio vizima, springi ikichomoka ina nguvu ya kuvunja mfupa wa uso.

Taa za mbele zilizopauka njano hazihitaji taa mpya. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kulinda rangi ya gari, piga msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000 au 3000, ng'arisha kwa polishi, na mwisho paka vanishi inayozuia jua. Ukiruka hatua ya mwisho, baada ya miezi michache itarudi njano. Balbu za LED za bei rahisi kwenye taa iliyotengenezwa kwa balbu ya kawaida sizipendi hata kidogo: mwanga hautoki mahali ulipokaa uzi wa balbu, kioo kinautawanya, anayekuja anapofuka na wewe shimo huoni. Kabla ya kununua chochote pima volti kwenye soketi ya taa injini ikiwa inawaka. Volti ikipungua asilimia 10, mwanga unapungua karibu asilimia 30. Mara nyingi kinachotakiwa ni kusafisha waya wa ardhi ulioota kutu.

Redio na amplifaya, neno moja: waya mkubwa unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi ndani ya sentimita 30 kutoka betri, na pale unapopita kwenye bati uvishwe mpira. Bati likichubua waya usio na fyuzi, gari linaungua.

Injini nimeiweka mwisho makusudi. 2NZ-FE ya lita 1.3 ina takriban farasi 87, 1NZ-FE ya lita 1.5 takriban 109. Chujio la koni chini ya boneti linavuta hewa ya moto na kukupa kelele. Kutoboa masega ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) kunakupa harufu, na taa ya injini inaweza kuwaka. Pesa hiyo iweke kwenye plagi zenye nafasi ya cheche ya milimita 1.1, chujio safi, kusafisha throto bodi (mlango wa hewa ya injini), koolanti badala ya maji ya bomba, na oili ya 5W-30. Ukibadilisha na filta inaingia karibu lita 3.7. Tia tatu na nusu kwanza, kisha soma stiki.

Anayetaka kweli nguvu zaidi atafute 1NZ nzima pamoja na waya na kompyuta yake, siyo bloku peke yake. Kadi ya gari imeandikwa namba ya injini na rangi, kwa hiyo ukibadilisha kimojawapo peleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na uiambie kampuni ya bima kabla ya ajali. Na ile namba iliyogongwa kwenye bloku ipige picha injini ikiwa bado iko chini sakafuni, maana ikishafungwa ndani ni kazi kuisoma.