Ulihamisha Akiba ya 401(k) Ukatozwa Kodi? Rekebisha Ritani kwa Fomu 1040-X

Habari zenu ndugu watazamaji, na karibuni. Leo nazungumza na nyinyi mlioko Marekani, mliowahi kuacha kazi kwenye nyumba ya wazee, bohari au hospitali, mkaihamisha akiba ya uzeeni kutoka 401(k) ya mwajiri kwenda kwenye IRA, yaani akaunti yenu wenyewe ya akiba ya uzeeni. Ritani ikajazwa kana kwamba hela yote mlikula. Sasa IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu, wamechukua kodi ya hela ambayo bado imelala kwenye akaunti. Hiyo inarekebishika, na fomu yake ni 1040-X.

Kabla hatujaanza, nitenge makundi mawili. Kama ulichukua hela ukaituma nyumbani kujengea, hukuhamisha akiba, ulitoa hela, na video hii haitakusaidia. Na kama IRS wameshakutumia barua ya CP2000, ile inayosema mapato uliyoandika hayalingani na waliyoletewa wao, usikimbilie 1040-X. Ijibu barua ile kwanza, kwa tarehe waliyoiandika, na uambatanishe ushahidi nitakaoutaja sasa hivi.

Haya, toa makaratasi yako. Unahitaji ritani uliyokwisha kuwasilisha, fomu 1099-R, inayoonyesha hela iliyotoka, kutoka kwa kampuni iliyokuwa inashika 401(k), na taarifa ya akaunti ya IRA inayoonyesha tarehe hela ilipoingia. Ipo pia fomu 5498, ambayo kampuni ya IRA hukutumia kufikia mwisho wa Mei. Kisanduku chake cha 2 kinaonyesha kiasi kilichoingia kwa kuhamishwa. Kwa kuwa inafika baada ya msimu wa kodi kupita, wengi wanajaza ritani bila kuiona, na wengine wanaitupa wakidhani ni tangazo la benki. Itunze.

Sasa angalia skrini, nakuza hii 1099-R. Shuka mpaka kisanduku cha 7. Ukikuta herufi G, hela ilitoka kampuni moja kwenda nyingine moja kwa moja, haikupita mikononi mwako. Ikiwa ilitoka 401(k) ya kawaida kwenda IRA ya kawaida, kisanduku 2a kitasoma sifuri, na marekebisho yako ni mepesi: kwenye fomu 1040, yaani ritani yenyewe, mstari 5a unaandika kiasi chote cha kisanduku cha 1, mstari 5b unaandika sifuri, na unaonyesha neno Rollover mahali fomu ya mwaka wako inapotaka. Lakini kama ilikwenda Roth IRA, ile ambayo hela huingia ikiwa imeshatozwa kodi, kutoka 401(k) ya kawaida, hapo kodi ni halali, usidai kurudishiwa.

Ukikuta namba 1 kwenye kisanduku hicho cha 7, hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza hela. Namba 1 maana yake ulipokea hela kabla ya miaka 59 na nusu. Kampuni haijui ulikwenda kuifanyia nini. Hundi ikiandikwa kwa jina lako, sheria inawalazimisha kukata asilimia 20 ya kodi ya serikali kuu palepale. Wewe una siku 60 tangu uipokee kuiweka kwenye IRA.

Tuchukue mtu wa mfano, hana mwenzi, ritani ya mwaka 2024. Akiba yake ilikuwa dola 18,000. Wakakata 3,600, hundi ikaja ya 14,400, naye akaiweka yote kwenye IRA ndani ya siku 60. Je, amehamisha yote? Hapana. Zile 3,600 zilizokatwa hazikuingia IRA, kwa hiyo zinahesabiwa kuwa amezitoa. Angetaka kuepuka hilo, ilimpasa atafute 3,600 nyingine mfukoni mwake, aziongeze kabla ya siku 60 kwisha. Najua, inauma, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mstari 5a ni 18,000, na 5b ni 3,600. Ritani ya kwanza ilikuwa imeandika 18,000 kwenye yote miwili.

Fungua 1040-X. Ina safu tatu: A ni ulichoandika mwanzo, B ni tofauti, C ni kiasi sahihi. Usiogope wingi wa mistari, mingi hutaigusa.

Mstari wa 1, mapato baada ya marekebisho. Mtu wetu alikuwa na 58,000 safu A. Safu B tunapunguza 14,400, tukiiweka kwenye mabano. Safu C inabaki 43,600. Makato ya kawaida ya 14,600 hayabadiliki, kwa hiyo mstari wa 5 unashuka kutoka 43,400 hadi 29,000.

Mstari wa 6 ni kodi yenyewe. Usikadirie kwa kichwa, tumia jedwali la kodi la mwaka husika, siyo la mwaka huu. Kwa mtu wetu inatoka 4,979 hadi 3,251, tofauti ni 1,728.

Mstari wa 10, kodi nyingine. Hapa imejificha kodi ya ziada ya asilimia 10 ya kutoa akiba mapema, iliyotoka kwenye Schedule 2, fomu ya nyongeza ya ritani, mstari wa 8. Alitozwa 1,800, anayostahili ni 360, tunapunguza 1,440. Ukijumlisha na ile ya juu, anarudishiwa dola 3,168. Wapo wanaorekebisha mstari wa 6 wakausahau huu wa 10. Msiusahau.

Mstari wa 12, kodi iliyokatwa: hakikisha zile 3,600 za kisanduku cha 4 zilihesabiwa mwanzoni. Kama hazikuhesabiwa, ziongeze. Mstari wa 18 andika marejesho yaliyoonekana kwenye ritani ya kwanza, la sivyo utajikuta unaomba hela mara mbili.

Kisha sehemu ya maelezo. Kiingereza chepesi kinatosha: ulipokea hela tarehe gani, uliiweka IRA tarehe gani, kiasi gani, na mstari gani ulikosewa. Sentensi tatu. Usisimulie maisha.

Kama una watoto na unapata EITC, nafuu ya kodi ya wafanyakazi wenye kipato kidogo, au bima ya afya ya soko la serikali, hesabu upya na hizo. Mapato yakishuka, nazo zinaweza kubadilika.

Kuwasilisha: programu nyingi za kodi zinakubali 1040-X kwa mtandao kwa mwaka huu na miwili iliyotangulia, na hapo unaweza kuweka akaunti ya benki ya kupokelea. Mkiwa mliwasilisha pamoja, mume na mke wote wasaini. Kama ritani ya kwanza bado inashughulikiwa, subiri imalizike. Muda wa kudai marejesho ni miaka mitatu tangu uwasilishe au miwili tangu ulipe kodi, ule unaochelewa kwisha. Ritani ya 2024 iliyowasilishwa kwa wakati ina nafasi hadi Aprili 2028. Majibu huchukua wiki 8 hadi 12, mara nyingine 16, na unaweza kufuatilia kwenye tovuti ya IRS baada ya wiki kama tatu.

Sasa jimbo. Walioko Texas au Florida hawana kodi ya mapato ya jimbo, wao wamemaliza. Ndugu zangu wa Minnesota, mnahitaji fomu M1X, ndani ya siku 180 baada ya ritani ya serikali kuu kubadilika. Majimbo mengine yenye kodi ya mapato yana utaratibu wao, kwa hiyo weka tayari nakala ya 1040-X yako.